Sare Mbili na Suluhu Moja

Dakika 90 zilikuwa zimekwisha. Ilikuwa Julai 9, 2025, katika uwanja wa Suwon, Korea Kusini, ule uliotumika kwa Kombe la Dunia la wanaume la 2002. China walikuwa mbele 2–1. Walikuwa wameongoza mara mbili katika mechi hiyo. Mara ya kwanza Jang Sel-gi aliwasawazishia wenyeji kipindi cha kwanza kikiwa ukingoni, dakika ya kwanza ya nyongeza. Safari hii wenyeji walibakiwa na pumzi chache tu. Ndipo Ji So-yun alipoupata mpira nje ya boksi, akaupiga kutoka hukohuko mbali, ukatinga wavuni. Dakika ya nne ya nyongeza. 2–2.

Siku ile bao hilo lilihesabiwa kuwa limeokoa pointi moja, basi. Mwenyeji aliyefungua dimba kwa sare, tena ya kunyang'anya dakika za mwisho, hana cha kumtambia mtu. Siku saba baadaye bao lilelile lilikuwa limewapa Korea Kusini ubingwa wa wanawake wa Asia Mashariki. Bao lenyewe halikubadilika hata chembe. Lililobadilika ni umbo lililolizunguka, na umbo hilo ndilo ninalotaka tulisome hapa, mechi baada ya mechi, kama mhakiki anavyosoma shairi: kwanza ahesabu, kisha ndipo aseme maana.

Kombe lenyewe huandaliwa na Shirikisho la Soka la Asia Mashariki, na jina lake rasmi ni E-1. Kwa upande wa wanawake lilianza 2005. Kiroho ni mashindano ya kirafiki yaliyovishwa kombe. Halimpi mtu tiketi ya Kombe la Dunia, na makocha hulitumia kupima vijana na kujaribu mifumo. Kocha wa Japan wakati huo, Nils Nielsen, raia wa Denmark, alikuja na kikosi kilichojengwa juu ya wachezaji wa ligi ya nyumbani. Isitoshe, Julai ile ilikuwa imejaa pomoni. Ulaya walikuwa Uswisi kwenye kombe lao la wanawake. Afrika tulikuwa Morocco kwenye WAFCON, kombe la wanawake la Afrika, na wengi wetu tulikuwa tukihesabu dakika za Twiga Stars wa Tanzania: wakafungwa 1–0 na Mali, wakatoka 1–1 na Afrika Kusini, wakalala 4–1 mbele ya Ghana. Nani angekuwa na jicho la ziada la kupeleka Suwon?

Ndiyo maana kombe hili lilipita bila kelele huku kwetu. Nami nasema lilistahili kusomwa kuliko makombe mengi yenye kelele.

Tuanze na kuhesabu. Timu ni nne: Korea Kusini, China, Japan, na Taiwan, ambayo katika michezo hutumia jina la Chinese Taipei. Kila timu inakutana na kila mwenzake mara moja. Mechi sita, siku tatu za mechi, kwisha. Hakuna nusu fainali wala fainali. Sisi tumezoea kombe lenye ngazi, ambalo kila hatua mtu mmoja anaanguka hadi wanabaki wawili, na kilele kinajulikana kitakuwa siku gani na saa ngapi. Umbo hili la ligi fupi halina kilele kilichopangwa. Kilele kinaweza kutokea siku ya pili, mashindano yakafa mapema na siku ya mwisho ikabaki ya kuaga. Kinaweza pia kujificha mpaka dakika za mwisho za mechi ya mwisho. Mwandishi wa umbo hili hajui atamaliza wapi, na hapo ndipo uzuri na hatari yake vilipo.

Julai 9, siku ile ya sare ya 2–2, Japan waliwafunga Chinese Taipei 4–0. Julai 13, mjini Hwaseong, China wakawafunga Chinese Taipei 4–2, na Japan wakakutana na wenyeji. Japan walitangulia kufunga kipindi cha kwanza. Wakalinda bao lao mpaka dakika ya 86, ndipo kijana Jung Da-bin akasawazisha. 1–1. Kwa mara ya pili Korea walikuwa wameponea chupuchupu, na kwa mara ya pili waliondoka na pointi moja tu.

Nilichora msimamo huo kwa penseli kwenye daftari, maana kichwani hauingii vizuri. Japan pointi 4. China pointi 4. Korea pointi 2. Chinese Taipei sifuri. Ukiutazama hivyo unasema hadithi imeshaandikwa: siku ya mwisho Japan wanacheza na China, mshindi anafikisha pointi 7 na kuondoka na kombe. Korea, wakimfunga Taipei, watafikisha 5. Wao ni wapambe kwenye harusi ya nyumbani kwao.

Mechi ya Japan na China ndiyo iliyochezwa kwanza siku hiyo ya Julai 16. Ikaisha suluhu.

Hapa sina budi kusimama kwenye neno. Kiswahili cha mpira kinatenganisha vitu viwili. Kuna sare, timu zimefungana mabao sawa. Na kuna suluhu, 0–0. Mtangazaji akisema walitoka suluhu, humuulizi ngapi kwa ngapi. Kwenye msimamo wa pointi vitu hivi viwili havina tofauti: kila mmoja anachukua pointi moja. Mtu anaweza kudhani basi ni urembo wa lugha tu, watangazaji wametafuta neno la kupumzishia neno lingine. Kombe la Suwon linaonyesha kuwa masikio yetu yalikuwa sahihi tangu zamani. Suluhu na sare ni vitu viwili tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo iliyompata bingwa.

Tazama jinsi ilivyokuwa. Baada ya ile suluhu, Japan na China wana pointi 5 kila mmoja. Korea wakishinda watafika 5 pia. Watatu sawa. Kanuni za mashindano zinasema timu zikifungana kwa pointi, hutazamwa kwanza matokeo ya walipokutana wenyewe kwa wenyewe, kabla ya kutazama mabao ya mashindano mazima. Sasa chukua penseli tena. Korea na China 2–2. Korea na Japan 1–1. Japan na China 0–0. Zote ni droo, kwa hiyo pointi za walipokutana ni mbilimbili. Tofauti ya mabao ni sifuri kwa kila mmoja. Kinachobaki ni idadi ya mabao waliyofungana hao watatu tu: Korea 3, China 2, Japan 1.

Tatu, mbili, moja. Kana kwamba mtu ameyapanga.

Fikiri sasa kama Japan na China wangetoka 2–2. Pointi zingekuwa zilezile, kila mmoja 5. Lakini China wangekuwa na mabao 4, Korea 3 na Japan 3, na ushindi wowote wa Korea dhidi ya Taipei usingetosha. Kombe lingekwenda China, taifa ambalo halijawahi kulitwaa kombe hili tangu lianzishwe. Sare ingewapa China ubingwa. Suluhu iliwanyima. Kwa China, filimbi ya mwisho ya mechi ile ilikuwa mwisho kabisa, kwa sababu hata Korea wangeteleza, Japan wangekuwa juu yao kwa tofauti ya mabao ya jumla. Kwa Japan, suluhu ile iliwaweka mikononi mwa timu ambayo siku saba nyuma waliitandika mabao manne. Sasa walihitaji Chinese Taipei wasimame.

Mstari uleule una maana gani ukiwekwa mahali pengine? Miaka mitatu nyuma, Julai 26, 2022, huko Kashima, Japan na China walikutana siku ya mwisho ya kombe hilihili, wakatoka 0–0. Suluhu ile iliwapa Japan ubingwa, kwa kuwa walikuwa wameshashinda mechi mbili na wakafikisha pointi 7 dhidi ya 5 za China. Mechi ileile, matokeo yaleyale, siku ya mwisho vilevile. Mwaka 2022 suluhu ilikuwa ngao. Mwaka 2025 ilikuwa mlango ulioachwa wazi. Wanaosema matokeo ni matokeo tu hawajasoma vizuri. Matokeo ya mechi ni kama mshororo: maana yake inategemea umeuweka wapi katika shairi.

Korea waliingia uwanjani kucheza na Chinese Taipei wakijua wanachotakiwa kufanya. Ushindi, wa idadi yoyote. Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Cha pili kikaanza bila bao. Na hapa lipo jambo ambalo msimamo wa mwisho unalificha, na ndilo lililonishika zaidi ya yote katika mashindano haya. Kwa muda wote ule, tangu mpira ulipoanza mpaka dakika ya 70, bingwa alikuwa Japan. Korea wakitoka droo na Taipei wanabaki na pointi 3, Japan na China wanabaki na 5, na tofauti ya mabao ya jumla inawapa Japan kombe. Japan walikuwa mabingwa kwa zaidi ya saa moja bila kugusa mpira, na hakuna karatasi itakayoandika hivyo. Ubingwa wao ulikuwa umekaa kwenye miguu ya mabeki wa Taiwan.

Dakika ya 70, penalti. Mpigaji ni Ji So-yun.

Mhusika huyu anahitaji maneno mawili matatu, maana bila kumjua utaiona ile penalti kuwa penalti ya kawaida. Alizaliwa 1991. Alianza kuichezea timu ya taifa 2006, akiwa na miaka 15. Korea Kusini walilitwaa kombe hili mara moja tu kabla ya hapo, nalo lilikuwa toleo la kwanza kabisa, 2005, hapohapo nyumbani. Yaani aliingia kikosini mwaka mmoja baada ya sherehe kwisha. Baada ya hapo kombe lilikwenda Japan mara nne na Korea Kaskazini mara tatu mfululizo, 2013, 2015 na 2017. Yeye huku alikwenda Chelsea 2014, akakaa mpaka 2022, akafunga bao pekee la fainali ya Kombe la FA la 2015 pale Wembley. Akawa mfungaji bora wa historia wa taifa lake. Kombe la jirani zake likabaki linampita.

Akafunga. 1–0. Kwa hesabu, kazi ilikuwa imekwisha: Korea pointi 5, mabao 3 ya walipokutana, mabingwa. Lakini hesabu haikuwa imefungwa, kwa sababu bao moja tu la Taipei lingelirudisha kombe kwa Japan. Hiyo ndiyo taharuki ya kweli, ile ambayo mtu mmoja anaongoza na bado anaogopa kuliko anayefuata. Ilidumu robo saa. Dakika ya 85 Jang Sel-gi akaongeza la pili, na hapo pumzi zikashuka.

Sasa rudi nyuma uandike majina ya waliofunga mabao ya Korea, kwa mpangilio wa tarehe na dakika, bila kuongeza kitu. Jang Sel-gi. Ji So-yun. Jung Da-bin. Ji So-yun. Jang Sel-gi.

Soma tena kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ni vilevile. Mabao matano, na kijana Jung Da-bin yuko katikati kama mhimili wa mizani, huku na huku wakongwe wawili wanaitikiana. Hakuna kocha aliyepanga hivyo na sidai kuwa kuna maana ya siri ndani yake. Lakini mhakiki akiona vina vinalingana hivi katika shairi, hapiti kimya. Jang ndiye aliyefungua na ndiye aliyefunga mlango. Huyu Jang ndiye yule aliyepiga penalti ya mwisho ya ushindi katika fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, mwaka 2010 huko Trinidad na Tobago, dhidi ya Japan. Wanaomkumbuka akiwa binti wa miaka 16 walikuwa na haki ya kutabasamu Julai 16.

Turudi kwenye lile bao la dakika ya nne ya nyongeza, maana bado sijasema kwa nini nimeanza nalo. Wanaozijua tenzi wanalijua jambo hili. Ubeti wa utenzi una mishororo minne. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja. Wa nne unakuja na kina chake, cha peke yake, hakifanani na chochote kilichotangulia. Ukisikia ubeti wa kwanza peke yake, mshororo ule wa nne unaonekana kama mgeni aliyekosea nyumba. Unakuja ubeti wa pili, mshororo wa nne unarudi na kina kilekile. Unakuja wa tatu, kinarudi tena. Hapo ndipo sikio linapogundua kuwa yule mgeni ndiye mwenye nyumba, kwamba kina kile ndicho kinachoushika utenzi mzima tangu mwanzo mpaka mwisho. Mshororo wa kwanza wa aina hiyo haukubadilika. Masikio yetu ndiyo yalikuwa hayajafika.

Mabao ya Korea ya dakika za mwisho yalifanya kazi hiyohiyo. La Ji So-yun dhidi ya China lilikuja Julai 9 likiwa peke yake, halina mwenzake, limeokoa pointi moja. La Jung Da-bin dhidi ya Japan likaja Julai 13 na mlio uleule: mwishoni, la kusawazisha, la kuokoa pointi moja. Yote mawili yalionekana kuwa madogo. Ni suluhu ya Julai 16, mechi ambayo Korea hawakucheza, iliyoyafanya yasikike kuwa kina cha shairi zima. Katika riwaya tungesema ni mbinu rejeshi, ila hapa hakuna msimulizi anayeturudisha nyuma. Kanuni ndiyo inayorudi nyuma, inaokota mabao mawili yaliyosahaulika na kuyapa uzito ambao wafungaji wenyewe hawakuujua walipokuwa wakiyafunga.

Ndiyo maana nasema mwandishi wa kombe hili ni kanuni ya kuvunja usawa. Badilisha mstari mmoja wa kanuni na bingwa anabadilika. Yangetazamwa mabao ya mashindano mazima kwanza, Japan walifunga 5 na kufungwa 1, tofauti ya 4. China walifunga 6 na kufungwa 4, tofauti ya 2. Korea walifunga 5 na kufungwa 3, tofauti ya 2. Japan mabingwa, bila ubishi. Miguu ileile, mabao yaleyale 18 katika mechi zilezile sita, na kombe linapanda ndege kwenda Tokyo.

Je, kanuni hii ni ya haki? Nimejiuliza sana, na jibu langu ni ndiyo, ingawa lina doa ambalo sitaki lipitwe.

Ni ya haki kwa sababu inauliza swali la maana: ulipokutana na mwenzako wa kiwango chako, ulifanya nini? Japan walipokutana na wenzao wawili walifunga bao moja katika dakika 180. Korea walifunga matatu. Kwa kiwango cha ujasiri mbele ya goli, aliyestahili amepata. Mtu anaweza kusema Korea ni mabingwa walioshinda mechi moja tu. Kweli, lakini Japan na China nao walishinda mojamoja, na wote dhidi ya timu ileile. Kati ya watatu hao hakuna aliyemfunga mwenzake. Kanuni ililazimika kutafuta mshindi ndani ya droo, ikamchagua yule ambaye droo zake zilikuwa na mabao.

Inawalinda pia Chinese Taipei. Kombe lingeamuliwa kwa mabao ya jumla, Korea wangehitaji mabao manne kwenda juu siku ile, na timu dhaifu ingegeuzwa ghala la kuchotea mabao. Kwa kanuni iliyokuwepo, bao moja lilitosha, na mechi ikabaki mechi.

Doa ndilo hili. Kanuni inayowalinda ndiyo inayowafuta. Ukichora jedwali dogo la kuamua bingwa, Chinese Taipei hawamo. Mabao manane waliyofungwa na Japan na China hayamo. Na mawili waliyowafunga China, Julai 13, hayamo pia. Yameondolewa kwenye hesabu kama yalivyoondolewa yale manane, bila kuulizwa ni magumu kiasi gani kupatikana. Hii ni nchi ambayo wanawake wake walikuwa mabingwa wa Asia mara tatu mfululizo, 1977, 1979 na 1981, wakati majirani zao wengi walikuwa bado hawajaamua kama mwanamke acheze mpira au asicheze. Leo wanakuja na jina ambalo hawakujichagulia kwa uhuru, wanamaliza wa mwisho bila pointi, na mabao yao mawili hayaingii hata kwenye hesabu ya kuvunja usawa wa wengine. Lakini ni wao walioshikilia ubingwa wa Japan mpaka dakika ya 70. Katika shairi hili wao ndio wizani: huwasikii, ila wakiyumba shairi zima linayumba.

Liko kosa moja la umbo ambalo siwezi kulitetea. Mechi mbili za siku ya mwisho hazikuchezwa kwa wakati mmoja. Japan na China walicheza gizani. Wenyeji wakacheza wakiwa na jibu mkononi. Sisi Waafrika hatuna haja ya kufundishwa ubaya wa jambo hili. Mwaka 1982 Algeria walimaliza mechi zao, kesho yake Ujerumani Magharibi na Austria wakakutana mjini Gijón wakijua ushindi mwembamba wa Wajerumani unawavusha wote wawili. Wajerumani wakafunga bao moja, kisha mpira ukasimama kwa makubaliano yasiyoandikwa, na Algeria wakarudi nyumbani. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986 mechi za mwisho za makundi huchezwa kwa wakati mmoja. Suwon hakukuwa na hila yoyote, na Korea walipigania ushindi wao kwa jasho. Hata hivyo mlango uleule uliachwa wazi, kwa faida ya mwenyeji.

Watetezi watasema kucheza moja baada ya nyingine ndiko kulikotupa ile saa nzima ya taharuki ninayoisifu. Siikubali hoja hiyo. Mechi zote mbili zingeanza pamoja, tungekuwa na viwanja viwili vinavyosikilizana, kila bao la huku likitikisa kule. China wangejua wanahitaji kufunga wakati Korea bado wanahangaika na Taipei. Japan wangeamua kama wajilinde au waende mbele. Huenda ile suluhu isingekuwa suluhu. Tungepoteza ule mpangilio wa tatu, mbili, moja, na ningeukubali upotevu huo.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa kombe la 2025 ni hii. Bingwa ni halali. Kanuni ya walipokutana ibaki kama ilivyo. Saa za siku ya mwisho zibadilishwe kabla ya toleo lijalo, hata ikibidi kutafuta kiwanja cha pili na kuuza tiketi mbili. Na wewe msomaji, ukikutana na karatasi ya matokeo ya kombe hili, usiishie kwenye msimamo. Tafuta mechi ya Julai 13, Hwaseong, China 4, Chinese Taipei 2, uyaangalie yale mabao mawili.